Una 600D na milioni moja na nusu: usiuze kamera, nunua mwanga

Mkuu, nimekuelewa hivi: una Canon 600D na lenzi yake ya 18-55, una milioni moja na nusu mkononi, unataka kuhama kwenye mahafali uingie kwenye picha za watu za kukaa na kupozi, na umeshapata mtu wa kuinunua 600D ili uongezee ununue bodi ya fulu fremu iliyotumika, yaani kamera bila lenzi, yenye sensa (kinasa picha) kubwa. Wachangiaji wengi hapa jukwaani wamekwambia uza. Mimi nakuomba usiuze, na sababu zangu zinatokana na yaliyonikuta.

Mwaka 2016, nikiwa Tanga, nilifanya hicho hicho unachotaka kufanya. Niliuza kila nilichokuwa nacho nikanunua bodi kubwa, pesa ikaishia hapo. Kazi ya kwanza ikawa send-off, saa kumi jioni, chini ya turubai la bluu. Upande mmoja wa uso wa bibi harusi ulipata rangi ya turubai, upande wa pili ulipata balbu ya njano iliyofungwa kwenye nguzo. Nilikesha kwenye Lightroom, programu ya kusahihisha picha. Nikiondoa bluu, shavu la pili linakuwa kama limepakwa binzari. Nikiondoa njano, la kwanza linakuwa la maiti. Kamera ina mizani moja tu ya rangi kwa picha nzima, na hapo palikuwa na mianga miwili inayogombana kwenye uso mmoja. Nilipopeleka albamu, mama yake mkubwa aliniuliza kwa upole kama mtoto alikuwa anaumwa siku ile. Swali lile sijalisahau. Sensa kubwa haikunisaidia chochote, wakati flashi moja kwenye mwavuli ingeuzidi nguvu ule mwanga wa turubai na wa balbu, na uso ungekuwa na rangi yake.

Kwa hiyo, kwa pesa uliyonayo: flashi moja ya Godox TT600, triga yake ya X2T ya Canon (ya kuiwasha flashi bila waya), stendi, mwavuli mweupe wa kupenyeza mwanga wenye upana wa mita moja au zaidi, rifleta ya kurudisha mwanga usoni, na lenzi ya 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa). Ulizia maduka matatu manne Kariakoo kabla hujatoa hela, maana bei zinapishana sana. Vyote vinaingia kwenye bajeti yako na chenji inabaki. TT600 haina otomatiki, nguvu unaipanga mwenyewe kuanzia 1/1 mpaka 1/128, na kwa anayejifunza hilo ni zuri, maana unajua kila badiliko limetoka wapi. Inakula betri nne ndogo za AA, hivyo umeme ukikatika kazi inaendelea. Nunua za kuchaji, seti mbili.

Sasa mwavuli, maana hapa ndipo picha inapopatikana. Mwanga unakuwa laini kwa ukubwa wake ukilinganisha na unayempiga. Jua ni kubwa kuliko vyote, lakini liko mbali mno, kwetu ni kama sarafu angani, ndiyo maana kivuli chake cha saa saba mchana kinakuwa kama kimekatwa kwa wembe. Mwavuli wa mita moja uliosogezwa mita moja kutoka usoni ni dirisha. Ukiurudisha mita nne ili "usimsumbue mteja," umeshaufanya taa ndogo tena. Usogeze, mpaka ukaribie kuingia kwenye fremu.

Na kuna faida ya pili. Ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unabaki robo. Mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Mwavuli ukiwa mita moja kutoka usoni na ukuta ukiwa mita mbili nyuma ya mtu, ukuta mweupe unatoka kijivu kilichokolea. Msogeze mteja karibu na ukuta na mwavuli urudi nyuma, ukuta unarudi kuwa mweupe. Chumba changu kina futi kumi kwa kumi na nne, kina ukuta mmoja mweupe, na wateja huniuliza mapazia mengine nayaweka wapi.

Ngozi zetu ndizo nilizotaka kuzisemea hasa. Ngozi nyeusi umbo lake linaonekana zaidi kwenye mng'ao kuliko kwenye kivuli. Taa ndogo ya uso kwa uso inaacha nukta nyeupe kwenye paji na kwenye ncha ya pua, mtu anaonekana anatoka jasho. Chukua taa hiyo hiyo, ipitishe kwenye mwavuli, iweke pembeni kidogo na juu kidogo ya macho. Ile nukta inatanuka, inakuwa mstari laini unaoanza kwenye mfupa wa shavu na kuteremka hadi kwenye taya. Mara ya kwanza nilipouona mstari huo ilikuwa kwa mzee mmoja mvuvi aliyetaka picha ya kuwaachia wajukuu. Mikunjo yote ya pembeni mwa jicho ilikuwepo, na ndani ya jicho mwavuli ulionekana kama mwezi mdogo. Nilisimama nakitazama kioo cha kamera mpaka mzee akauliza kama kuna tatizo.

Angalia na kipimo cha mwanga cha kamera. Hakijui kinamtazama nani, kinachotaka ni kila kitu kitoke kijivu cha wastani. Mtu mweusi mwenye suti nyeusi akijaa kwenye fremu, kamera inaongeza mwanga mpaka ngozi ipauke. Huyo huyo avae kanzu nyeupe, uso unazama. Tumia M, ile hali ya kupanga kila kitu mwenyewe, panga kwa kuangalia uso, nguo zifuate. Enzi za filamu jambo hili lilikuwa zito zaidi: Kodak walisambaza kadi za kusahihishia rangi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, na maabara zikapima ngozi za watu wote kwa ngozi ile. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali walikuja kuitoa miaka ya 1990. Leo faili ya RAW (picha ghafi kabla kamera haijaichakata) ya 600D ina nafasi ya kutosha kwa ngozi yoyote ukiipa mwanga sahihi.

Kama unadhani nakuza mambo, tafuta picha za Seydou Keïta wa Bamako. Alifungua studio yake mwaka 1948, akawa anapiga uani kwa mwanga wa jua, na pazia lake la nyuma kwa miaka kadhaa lilikuwa shuka la kitandani. Tazama jinsi mwanga ulivyokaa kwenye nyuso zile.

Lenzi kwa ufupi. 50mm kwenye 600D inaona kama 80mm, ambayo kwa kichwa na mabega inafaa sana, kwa sababu inakulazimisha usimame mbali kidogo na pua haivimbi. Tafuta ya STM iliyotoka 2015, mdomo wake unaoshika kwenye kamera ni wa chuma. Ile ya kabla yake ni ya plastiki. Usipige kila kitu kwa f/1.8: mtu akiwa mita moja na nusu, eneo linalokaa wazi ni kama sentimita sita tu, akigeuza kichwa kidogo jicho moja linapotea. Ukiwa na flashi nenda f/4 au f/5.6, kasi ya shata isizidi 1/200 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100. Megapikseli 18 zinakuchapia karibu A3 bila shida.

Ukinunua kilichotumika, hasa sisi wa pwani, washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma huku ukitazama kwa mbele. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, rudisha. Nilishauziwa moja ya 85mm yenye ukungu, usiku, kwenye gari la mtu, na fundi akashindwa kuisafisha. Yako ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu.

Taa za LED umeziulizia pia. Kama video ndiyo kazi yako, sawa. Kwa picha, ya wati 60 ikipita kwenye softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) itakulazimisha upandishe ISO, na za bei rahisi zinatupa ukijani kwenye ngozi.

Stendi ifunge kidumu cha maji cha lita tano, upepo wa kwetu huujui mpaka umeangusha flashi.

Na ile 18-55 pia usiiuze. Siku familia ya watu kumi na wawili ikikuita sebuleni, 50mm itakutoa nje ya mlango.