Maswali ya Wasomaji: Je, "again" ni "tena" kila mara?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Morogoro ninayejifunza kazi ya kutafsiri. Nilipewa maelezo ya kuoka mikate yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Kwa mkate wa pili, ulio mkubwa zaidi, yaliagiza "use half as much flour again", nami nikaandika "tumia tena nusu ya unga". Mama aliyeyafuata maandishi yangu aliishia na unga wa majimaji usiokandika. Kamusi yangu inasema "again" ni "tena". Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kamusi yako imesema kweli, ila imesema sehemu tu ya kweli. Maneno hayo ya Kiingereza yanamwagiza mpishi achukue kiasi cha kwanza chote, kisha aongeze nusu yake juu. Kama mkate wa kwanza ulichukua kilo 2, wa pili unataka kilo 3. Aliyesoma tafsiri yako alipima kilo 1, na maji aliyatia ya kilo 3. Ungeandika "ongeza unga kwa nusu ya kiasi cha kwanza", au kwa usalama zaidi ungetaja kilo zenyewe, mkate ungeumuka. Vivyo hivyo, "as much again" ni kiasi kile kile kuongezwa juu ya cha kwanza, yaani maradufu.

Chanzo cha mkanganyiko huu kiko mbali. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, neno hili lilikuwa "ongean", nalo lilikuwa na maana ya kuelekea, kukabiliana au kurudi kinyume. Kazi ya kusema "mara nyingine" ilifanywa zaidi na neno fupi "eft", ambalo leo halitumiki. Ndugu wa "again" ni "against", linalobeba ile maana ya kukabili hadi leo, na "gainsay", yaani kukanusha alichosema mwingine. Kwa hiyo ndani ya neno moja Mwingereza ameweka mawazo mawili, la kurudia tendo na la kurudi kwenye hali ya awali, na mara nyingi ni muktadha tu unaomwambia msikilizaji lipi limekusudiwa.

Tazama sentensi "she closed the door again". Huenda mtu huyo aliufunga mlango asubuhi, na sasa anaufunga mara ya pili. Huenda pia yeye hakuwa ameugusa kabla: mlango ulikuwa umefungwa, upepo ukaufungua, naye akaufunga. Kwa maana ya kwanza, "akafunga mlango tena" inatosha kabisa. Kwa maana ya pili, Kiswahili kina usemi ambao kila mtoto ameusikia kwa mama yake anapotoka chumbani: "Rudishia mlango!" Ndani ya kitenzi hicho kimoja tayari mmeelezwa kwamba mlango unarejeshwa mahali pake, na hakuna anayeuliza umefungwa mara ngapi. Mimi huuona usemi huo kuwa hazina, nami nasikitika kila ninapokuta mfasiri ameuacha akakimbilia "tena".

Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa. "He is well again" ni "amepona". Ukiandika "amepona tena", msomaji ataelewa kwamba aliugua, akapona, akaugua, kisha akapona mara ya pili. "She is home again" ni "amerudi nyumbani". Kupona na kurudi ni vitenzi vinavyobeba hali ya awali ndani yake, na "tena" ikiongezwa huanza kuhesabu.

Kuna na "upya", ambayo naiona inatumiwa kwa uvivu. Mwalimu akimwambia mwanafunzi "andika tena", mtoto anaweza kunakili alichoandika, neno kwa neno, na akawa ametii. Akimwambia "andika upya", ya kwanza imewekwa kando na kazi inaanza mwanzo. Kwa "upya" Waingereza wana "anew" na "afresh". Kwa "tena" wana "once more". Tofauti hiyo huwa nzito mambo yakiwa ya sheria. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipobatilisha uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, Katiba kwa Kiingereza ilitaka uchaguzi ulio "fresh", yaani mpya, ndani ya siku 60. Watu wengi waliuita "uchaguzi wa marudio", kama ulivyoitwa ule wa Zanzibar wa tarehe 20 Machi 2016 baada ya ule wa Oktoba 2015 kufutwa. "Marudio" yanaelekeza mawazo kwenye kile kile kilichofanyika kwanza, ilhali "upya" unaacha wazi swali la nani awe mgombea. Mtangazaji anaweza kuchagua lolote kati ya hayo mawili, lakini anayetafsiri hati ya mahakama hana uhuru huo.

Usichanganye pia "marudio" na "marudiano". Kipindi cha redio kinachorushwa mara ya pili ni cha marudio. Mechi ya marudiano ni ile ambayo timu iliyokuwa mgeni sasa inakuwa mwenyeji. Kiambishi "-an-" kinaonyesha kwamba pande mbili zinarudiana, na kila mpenzi wa kandanda anaelewa kwamba mabao ya mechi ya kwanza bado yanahesabiwa. Mechi iliyovunjika na kuamriwa ichezwe upya haiitwi hivyo.

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Mwanangu aliandika "he does not work here again" kwa maana ya "hafanyi kazi hapa tena", akakatwa alama. Je, alionewa?

JIBU: Hakuonewa, mzazi mwenzangu, ingawa kosa lake lina mantiki. "Tena" yetu ikiambatana na kikanushi husema kwamba jambo lililokuwapo limekoma. Kiingereza sanifu hutumia "any more" au "no longer" mahali hapo. "Never again" ipo, lakini hiyo ni ya kuapa au kukataza: "sitafanya hivyo tena".

SWALI: Je, ni kosa kusema "rudia tena"? Na "now and again" tuiteje? (Msomaji wa Tanga)

JIBU: Kwa mdomo si kosa, maana msemaji anatilia mkazo. Katika maandishi "rudia" yajitosheleza, isipokuwa jambo lilikwisha kurudiwa mara moja na sasa linatakiwa mara ya tatu. "Now and again" ni "mara moja moja". "Again and again" ni "mara kwa mara" au "tena na tena". Zisibadilishane nafasi: anayemtembelea mamaye mara moja moja na anayemtembelea mara kwa mara si watoto wa aina moja.

SWALI: Mgeni wetu kutoka Uingereza alimuuliza jirani "what's your name again?" Jirani alikasirika, akasema hajawahi kulitaja jina lake mara mbili. Alikusudia nini? (Msomaji wa Mombasa)

JIBU: Mgeni alikuwa ameambiwa jina, likamtoka, na kwa adabu akaomba akumbushwe. Hapo "again" haiombi jina libadilike wala haimlaumu mtu. Inakiri kwamba msemaji amesahau. Nanyi Mombasa mnalo neno lake, tena fupi: "Unaitwa nani vile?"