Barua kwa Mwanangu: Imani Yako Si Ndogo

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza: “Mama, huu mwaka wa 6 naandika kwenye daftari kwamba nataka kuwa mkalimani wa lugha ya alama. Nimeomba, nimeamini, nimejiona kabisa nimesimama mbele ya watu nikifasiri. Mbona hakuna kinachosogea? Au imani yangu ndiyo ndogo?”

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililoniuma. Imani yako si ndogo. Aliyekuambia kwamba hujapata kwa sababu hujaamini vya kutosha amekutwisha mzigo usio wako. Fundisho hilo limejengwa lisiweze kukosea kamwe: ukifanikiwa, sifa zinakwenda kwa fundisho, ukikwama, lawama zinakurudia wewe. Nimeona watu wema wakivunjika moyo kwa namna hiyo, wakaacha hata kutamani. Usikubali.

Ninachokiona katika barua yako ni kwamba umetamani sana ila bado hujanuia. Maneno haya mawili tunayachanganya. Anayetamani anasema “laiti” na “Mungu akipenda ipo siku”. Anayenuia anataja lini, wapi, na ataanza na nini. Tangu utoto tunaambiwa penye nia pana njia, lakini tunaitamka methali ile kana kwamba nia ni hamu iliyozidi kimo. Nia ni kujifunga, mwanangu. Hamu unaweza kuwa nayo hata ukiwa umelala.

Najua hivyo kwa sababu nililala na yangu miaka 11. Unajua kwamba niliacha shule kabla ya mtihani wa mwisho wa sekondari, na sababu zake unazijua. Miaka yote ile nilikuwa nikisema, “Mimi nitarudi nimalize.” Niliwaambia majirani, nilimwambia baba yako, nilikuambia hata wewe ukiwa mdogo. Na kila niliposema nilijisikia vizuri. Nilikiona cheti kikiwa mkononi, nikaona sura ya mama yangu akikipokea, nikaenda kulala nimeridhika. Hapo nakuomba utulie kidogo: niliridhika. Nilikuwa naonja ushindi kila usiku bila kufungua kitabu, na asubuhi sikuwa na njaa tena ya kuutafuta.

Baadaye sana, nikiwa nasomea ualimu, nilikuta kwamba kuna mtu aliyelipima jambo hili. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia kutoka Ujerumani, pamoja na mwenzake walifuatilia wanawake 25 waliokuwa wakijaribu kupunguza uzito, wakachapisha matokeo mwaka 1991. Waliokuwa na matarajio kwamba wataweza walipungua zaidi. Lakini waliokuwa wakijichorea picha tamu za jinsi watakavyopendeza, bila kuweka ugumu wowote ndani ya picha hizo, walipungua kidogo kuliko wenzao. Niliposoma pale niliweka kitabu chini. Kutarajia na kuota mchana vilikuwa vitu viwili, na mimi nilikuwa nimeviita vyote imani.

Sasa, kilichonitoa nilipokuwa. Unaikumbuka taa ya mezani jikoni? Usiku mmoja niliandika sentensi kwenye kipande cha karatasi nikakibandika juu ya beseni la vyombo: “Nikimaliza kuosha vyombo vya usiku, kabla sijakaa, nitafungua kitabu cha hesabu nifanye maswali matano.” Basi. Sikuandika kwamba nitafaulu, wala kwamba nitakuwa mwalimu. Nilichagua vyombo kwa sababu vyombo havikosi. Kila usiku vipo. Nilipofuta mikono, mikono yenyewe ilikuwa imeshajua inakokwenda. Mtu aliyechoka hana nguvu za kubishana na nafsi yake kuhusu kusoma au kutosoma, na ile karatasi ilinipunguzia ubishi.

Peter Gollwitzer, naye mwanasaikolojia wa Ujerumani, amelifanyia kazi jambo hili miaka mingi. Anatenganisha nia ya lengo, yaani “nataka kufika kule”, na nia ya utekelezaji, yaani “likitokea hili, nitafanya lile”. Katika utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002, watu 248 waligawanywa makundi matatu kuhusu kufanya mazoezi ya mwili. Katika kundi la kwanza, ambalo halikupewa hamasa wala kuandika mpango, asilimia 38 walifanya. Kundi la pili lilisomeshwa juu ya faida za mazoezi ili litiwe hamasa. Hata asilimia hizo halikufikisha, liliishia 35. Kundi la tatu lilipewa hamasa ileile, kisha kila mtu akaandika siku, saa na mahali atakapofanyia. Walitimiza asilimia 91. Angalia kundi la pili, mwanangu. Hao walikuwa na hamasa yote uliyonayo wewe.

Utaniuliza, basi imani ina kazi gani? Ina kazi kubwa, ila haikai pale tulipofundishwa kuiweka. Mimi sikuwa na imani nilipoanza maswali yale. Usiku wa kwanza nilipata mawili kati ya matano, na nililia kidogo, ingawa hukuniona. Mwezi wa tatu nilikuwa napata manne. Hapo ndipo kitu kilipoanza kuota ndani yangu, taratibu, na hakuna aliyekipanda kwa maneno. Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika mwaka 1977 juu ya mtu kuamini kwamba analiweza jambo, alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo: kuwahi kufanikiwa mwenyewe, kumwona mtu kama wewe akifanikiwa, kutiwa moyo na wengine, na namna unavyousoma mwili wako unapopatwa na hofu au uchovu. Cha kwanza ndicho alichokiona kina nguvu kuliko vyote. Wewe umekuwa ukijitia moyo miaka yote hii, na moyo umekuwa ukikuuliza: kwa ushahidi gani? Mpe ushahidi. Hata mdogo.

Kikwazo chako umekiandika mwenyewe katika ukurasa wa pili, huenda bila kukusudia: “Jioni nikifika nimechoka, nashika simu, nikija kushtuka ni saa nne.” Usikionee haya, ndipo pa kuanzia. Mimi ningeiweka hivi, nawe uirekebishe: “Nikivua viatu jioni, simu nitaiacha mezani, nitasimama mbele ya kioo dakika 15 nikifanya alama kumi.” Kioo nakitaja kwa makusudi, maana katika lugha ya alama uso ni sehemu ya sarufi, nyusi zinaweza kugeuza maelezo kuwa swali, na mikono peke yake haitoshi.

Na yule mwenzako wa kazini ambaye ni kiziwi, ambaye kwa ajili yake yote haya yalianza, mbona hayumo popote katika daftari lako? Miaka yote hiyo umeota kuwafasiria watu ambao hujaketi nao. Mwombe Jumatano moja, wakati wa mapumziko, mzungumze bila kuandikiana. Utakosea. Atakusahihisha. Alama zake ndizo za nchi yenu, kwa kuwa lugha za alama hazifanani duniani kote, na kwake utajifunza ambayo kioo hakiwezi kukufundisha.

Usitegemee iwe rahisi wiki ya pili. Watafiti wa chuo kimoja London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya. Mtu wa kati alihitaji siku 66 mpaka tabia ianze kujiendesha, wa haraka 18, na wa polepole ilikadiriwa 254. Kuruka siku moja hakukuwaharibia. Ukiruka Jumanne, Jumatano vua viatu, nenda kwenye kioo.

Jambo moja zaidi, nalo halipendezi kusema. Kuajiriwa kuwa mkalimani hakuko mikononi mwako. Kunategemea mitihani ya watu, nafasi za watu, maamuzi ya watu. Kwa hiyo usiliweke hilo kuwa lengo la mwaka huu. Lengo liwe kuzungumza na mwenzako robo saa nzima bila kalamu, na kujiandikisha katika mafunzo ya ukalimani ukishaliweza hilo. Hayo yako kwako. Na ikiwa baada ya miezi mitatu ya kioo na Jumatano utagundua kwamba ulichopenda ni ile picha ya kusimama mbele ya watu, niambie bila hofu. Sitakuona umeshindwa.

Sikuambii uache kuomba. Mimi naomba kila siku na jina lako limo. Ila nimejifunza kuomba nguvu za Jumatano inayokuja, na siku hizi sala zangu ni fupi.

Niandikie sentensi yako, hata kama ni ya maneno manane, nami nitaibandika hapa juu ya beseni. Nimesoma kwamba viziwi humtungia mtu jina la alama wao wenyewe, akishazoeleka kwao. Wakikupa lako, ukija nionyeshe. Nitalifanyia mazoezi mpaka mikono yangu ya kizee ilishike.

Mama yako