Dakika kumi kabla ya uji

Swali la wiki lilikuwa: ni desturi gani ya darasani iliyowafanya wanafunzi wako wadogo waandike ya kwao, badala ya kunakili ubaoni? Mimi nafundisha darasa la tatu wilayani Chamwino, nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Desturi yetu ni hii: kila siku, dakika kumi kabla ya uji, tunaandika. Wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi, wakiwepo, tunaandika. Upepo wa Julai ukileta vumbi mpaka kwenye madaftari, tunapuliza na kuandika.

Zamani nilifanya kama nilivyofanyiwa: kichwa cha insha ubaoni, "Mbuzi wangu", sentensi tano, kisha kalamu nyekundu. Nina watoto 72, nikawa napata insha 72 zilizo pacha. Mbuzi wangu ana miguu minne. Mbuzi wangu ana mkia. Hata asiyefuga kuku alikuwa na mbuzi! Mtaala unakazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili, kwa hiyo wengi wananifikia herufi wanazijua. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza wameona nini.

Sasa tunaanza na mdomo. Wanageukiana wawili wawili, kila mmoja anamsimulia mwenzake kitu kimoja alichokiona tangu jana. Kigogo ruksa. Najua wapo walimu watakaokunja uso, maana lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Lakini mtoto aliyeamkia Kigogo, hadithi inamjia kwa Kigogo. Akishaisimulia, inabaki kazi moja tu ya kutafuta maneno ya Kiswahili.

Halafu kimya. Raba nimezipiga marufuku, zinatoboa karatasi na kula muda. Ukikosea, kata mstari mmoja, songa mbele. Penseli zinakaa kwenye kopo mezani kwangu, watoto wa zamu wanazichonga asubuhi. Kabla ya kopo hilo, nusu ya muda iliishia kwenye kugombania wembe. Nami naandika daftarini kwangu, ingawa mwanzoni mkono uliniwasha kwa hamu ya kupita nikisahihisha.

Msimu uliopita, uwele ulipoanza kukomaa, mvulana mmoja alitoweka wiki mbili. Kwao walimpeleka shamba kuamia ndege. Kabla ya hapo hakuwahi kuvuka mstari wa tatu. Siku aliyorudi alijaza ukurasa na nusu: kwelea kwelea wanavyoshuka kama moshi, kombeo alilosuka mwenyewe, debe aliloligonga mpaka likapasuka, bibi yake akimpigia kelele kutoka upande wa pili wa shamba asisinzie. "R" na "l" zilibadilishana nafasi mwanzo hadi mwisho. Ningeushika ukurasa ule na kalamu nyekundu, ungebaki kama umechinjiwa kuku. Nikaandika chini yake swali moja: "Debe lilipopasuka, ulifanyaje?" Kesho yake akaendelea bila kuambiwa. Alivua shati, akawa analipunga huku akiimba. Hizo "r" na "l" nilizifundisha darasa zima Alhamisi, bila kumtaja mtu, maana hata mimi zilinitesa nikiwa mdogo.

Simtetei aliyemtoa shule kwenda kulinda shamba. Ila nimejifunza kutomrudisha mtoto wa namna hiyo kwenye "Mbuzi wangu".

Kuhusu kusoma kazi zao: madaftari 72 kila siku hayasomeki, tusidanganyane. Nina safu tano za madawati, kila safu na siku yake. Nasoma safu moja, naacha swali moja kwa kila mtoto, nafunga. Kusahihisha tahajia kuna kipindi chake na mtihani tunauandaa kama kawaida, mwalimu mkuu asiwe na wasiwasi.

Ijumaa watatu wanasimama mbele kusoma, kwa hiari. Kuna binti mmoja anaandika kuliko wote na hathubutu kufungua mdomo mbele za watu. Tukakubaliana jirani yake wa dawati amsomee. Basi yeye husimama pembeni, kimya kabisa, mpaka msomaji akosee neno lake, hapo ndipo tunapoisikia sauti yake, tena kali: "Sikuandika hivyo!"

Mwalimu wa darasa la tatu, Chamwino