Vioo Vimo Bohari, Lakini ni vya Nani?

SWALI: Ninatunza bohari ya kiwanda cha kuunda bodi za mabasi hapa Mombasa. Mwezi uliopita leja ilionyesha vioo 40 vya madirisha. Fundi mkuu wa basi la kwanza aliniuliza kama vioo 24 anavyohitaji vipo, nikamjibu vipo. Wa basi la pili akauliza kuhusu vioo 20, naye nikamjibu hivyo hivyo. Wa pili alitangulia kuvichukua, na basi la kwanza likakwama kwa kukosa vioo vinne. Tangu hapo mafundi hujichukulia vifaa mapema na kuvificha chini ya mabenchi. Nifanyeje ili kila kazi ipate vifaa vyake?

JIBU: Ndugu msomaji, leja yako ilikuwa sahihi, kwa kuwa vioo 40 vilikuwapo kweli. Ilichokosa ni safu mbili: moja ya vifaa vilivyokwisha kuahidiwa kazi fulani, na nyingine ya vile vinavyobaki huru. Fundi wa kwanza alipouliza, ungeandika 24 katika safu ya vilivyotengwa, pamoja na namba ya kazi yake na tarehe ya kuvihitaji, na vilivyo huru vingebaki 16. Hapo fundi wa pili angejua siku hiyo hiyo kwamba amepungukiwa vinne, na ofisi ya ununuzi ingeanza kuvitafuta wakati basi lingali fremu tupu.

Huko ni kutenga kwa maandishi, ambako kifaa hakiondoki rafuni. Njia ya pili ni kuvitoa vifaa na kuvipanga kwenye toroli yenye namba ya basi. Mafundi huipenda hii kwa sababu wanaviona vifaa vyao kwa macho, lakini mimi ningeitumia siku moja au mbili tu kabla ya kazi kuanza. Vioo vikitolewa mapema hugongwa na kupasuka. Tena basi lenye viti vyote lakini lisilo na vioo hushikilia viti ambavyo basi jingine, lililo tayari, lingevitumia. Kwa hiyo pitia kwanza orodha nzima ya vifaa vya basi hilo, na kikikosekana kimoja kilicho muhimu, usitoe chochote.

Kila ahadi iwe na tarehe ya mwisho. Mteja akichelewesha malipo ya awali, au kazi ikisogezwa mbele, ahadi ifutwe na vifaa virudi katika safu ya vilivyo huru. La sivyo bohari itajaa vifaa ambavyo kwa maandishi vina wenyewe na kwa kweli havingojwi na mtu. Uamuzi wa kuhamisha vifaa vya kazi moja kwenda nyingine uwe wa msimamizi wa uzalishaji, kwa saini yake, maana ukiufanya wewe utalaumiwa na pande zote mbili.

Shehena iliyo njiani iandikwe katika safu yake yenyewe, wala isijumlishwe na vilivyopo. Mkazi wa Mombasa hahitaji kuelezwa jinsi kontena linavyoweza kukaa bandarini.

Ribiti, skrubu na nati usizitenge, kwani kuziandika kutakugharimu kuliko zenyewe. Weka makopo mawili: la kwanza likiisha, fungua la pili na upeleke kadi ya kununua jingine. Utaratibu huu ni ndugu wa karibu wa kanban, kadi ambazo Taiichi Ohno alizianzisha katika viwanda vya Toyota nchini Japani miaka ya 1950. Gundi ya kubandikia vioo, ingawa nayo ni kitu kidogo, itenge, kwa kuwa huharibika, na itoke kwanza ile inayokaribia kuisha muda wake.

Mkija kununua programu ya bohari, ulizeni inatenga vifaa katika hatua gani: oda ya mteja inapothibitishwa, au hati ya kazi inapotolewa karakana. Kwa kiwanda cha mabasi ningechagua hatua ya pili, kwa sababu wateja hubadilisha mpangilio wa viti hata baada ya kuthibitisha oda.

Kabla ya hayo yote, mwombe msimamizi atangaze siku moja ya kurudisha vifaa vilivyo chini ya mabenchi, na siku hiyo pasiwe na fundi wa kuulizwa alivipataje.