Fungate Disney World, Florida: anzeni na chumba, bustani zifuate

Mkuu, hongera sana kwa harusi inayokuja. Umeuliza kama Walt Disney World inafaa kwa fungate ya watu wazima, maana wewe unaona ni mahali pa watoto na mchumba wako ndiye anayepataka, na umeuliza wiki moja muipange vipi bila kurudi na madeni. Mimi na mke wangu fungate yetu ilikuwa huko huko, na tumesharudi baadaye, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo.

Inafaa, tena sana, ila muipange kama fungate. Wengi huipanga kama mtihani. Wanaamka alfajiri kila siku, wanakimbilia kila mchezo wa kupanda, na siku ya nne bwana na bibi harusi hawasemezani. Nimewaona kwenye basi la usiku, beji za maharusi kifuani na kila mmoja anatazama dirisha la upande wake.

Kwanza uujue ukubwa wa mahali penyewe. Eneo lote ni takribani kilomita za mraba 100. Lilifunguliwa Oktoba 1971 na leo lina bustani kubwa nne za burudani: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Weka na bustani mbili za maji, mtaa wa maduka na migahawa uitwao Disney Springs, na hoteli zaidi ya 20. Kutoka hoteli ya upande mmoja hadi bustani ya upande mwingine kwa basi, ukijumlisha na kusubiri kituoni, saa nzima inaweza kwenda. Ndiyo maana mtu akiniuliza habari za huko naanza na chumba. Mkilala pabaya kwa mipango yenu, nusu ya fungate mtaila barabarani.

Hoteli za Disney zenyewe zimepangwa kwa madaraja. Za chini, kama Pop Century na All-Star, chumba kinaweza kupatikana kwa dola 150 hadi 250 hivi kwa usiku msimu ukiwa umepoa. Za kati ni kama Port Orleans na Caribbean Beach. Za juu, kama Polynesian, Grand Floridian na Contemporary, zinapita dola 500 kwa urahisi na msimu wa watu zinakwenda mbali zaidi. Kwenye hoteli nyingi kati ya hizo ongeza kodi ya asilimia 12.5, maana bei unayoiona kwanza haijaibeba.

Ushauri wangu kwa bajeti isiyotaka madeni: gaweni wiki. Siku za mwanzo, zile za kuzunguka bustani, laleni Pop Century. Chumba ni kidogo lakini ni kisafi, na tangu 2019 hoteli hiyo ina kituo cha Skyliner, vibanda vinavyoning'inia kwenye waya na kukupeleka EPCOT na Hollywood Studios bila kugusa barabara. Mnakaa wawili ndani ya kibanda, mlango unafungwa, ziwa liko chini yenu. Radi ikianza kinasimamishwa, basi siku ya mawingu mazito mjipange kwa basi. Siku za mwisho hamieni hoteli ya juu mkae kweli kama maharusi. Asubuhi mnaiacha mizigo kwa wahudumu wa hoteli ya kwanza, wao wanaihamishia ya pili, nyie mnaendelea na siku yenu.

Na hoteli hiyo ya pili, kwa moyo wangu wote, iwe Animal Kingdom Lodge. Ilifunguliwa 2001, ina pande mbili, Jambo House na Kidani Village, na katikati yake kuna mbuga ndogo zenye twiga, pundamilia, nyumbu na swala wanaotembea chini ya madirisha ya wageni. Lakini soma vizuri unapobuku. Si kila chumba kinatazama wanyama. Vile vya bei nafuu vinatazama bwawa la kuogelea au maegesho. Kama pesa haitoshi usiku wote, afadhali usiku mmoja au miwili wa chumba chenye baraza la kutazama mbuga kuliko usiku minne ya kutazama magari. Sisi tulikipata cha upande wa mbuga. Alfajiri mke wangu alifungua pazia kabla hakujapambazuka vizuri, tukatoka barazani na kahawa ya kwenye chumba, na twiga akasogea karibu hadi tukawa tunasikia majani yanavyochanika mdomoni mwake. Hatukusema kitu kwa muda mrefu. Asubuhi ile hatukuwa na tiketi ya bustani yoyote, na ndiyo tunayoizungumzia hadi leo kuliko mchezo wowote tuliopanda.

Kasoro yake ni umbali. Ukiondoa bustani ya Animal Kingdom iliyo jirani, kila kitu kiko mbali na usafiri ni basi tu. Ndiyo sababu naiweka mwisho wa safari, mkishamaliza pilikapilika. Hata msipolala hapo, nendeni mkale. Mgahawa wa Sanaa uko upande wa Kidani, madirisha yake yanatazama mbuga, na sahani yao ya mikate ya naan yenye vikombe vya chatne na achari inatosha watu wawili kama mlo mwepesi wa mchana.

Sasa bustani. Kwa wiki moja, siku nne za bustani zinatosha kabisa, na zisifuatane zote: siku mbili bustani, siku moja hotelini, kisha mbili tena. Tiketi zina bei kwa tarehe. Mwaka 2025 tiketi ya siku 1 ilianzia dola 119 na kugota karibu 200 siku za msongamano, na kadiri unavyonunua siku nyingi kwa pamoja ndivyo kila siku inavyoshuka. Ile nyongeza ya kuhama bustani zaidi ya moja kwa siku muiache. Ni pesa nyingi za kununua uchovu. Na wakija watu kukwambia muongeze Universal, bustani za kampuni nyingine, hasa ile Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025, waambie asante. Ni nzuri, lakini ni safari nyingine. Wiki moja ya maharusi haibebi vyote.

Kila anayelala hoteli ya Disney anaruhusiwa kuingia bustani yoyote nusu saa kabla ya wengine. Itumieni siku ya Animal Kingdom: moja kwa moja Flight of Passage, ule mchezo wa kuruka mgongoni mwa kiumbe mwenye mbawa, ambao mchana foleni yake inaweza kula zaidi ya saa. Baada ya hapo mmeshashinda siku, tembeeni taratibu. Mtapita kijiji cha Harambe, kilichojengwa kwa kuiga miji ya pwani ya Afrika Mashariki, Lamu ikiwemo. Kuta zimechunwa rangi makusudi, kuna maandishi ya Kiswahili ukutani na kwenye mabango, na sisi tulisimama pale kuyasoma moja moja huku wageni wengine wakipita mbio kwenda kupanda gari la Kilimanjaro Safaris. Nilijisikia vizuri sana, sitaficha.

Saa za mchana, kuanzia saa 6 hivi, rudini hotelini. Hili nalisisitiza kuliko lolote. Jua la Florida ni kali, na kuanzia Juni hadi Septemba mvua ya radi ya alasiri ni jambo la karibu kila siku, na radi ikipiga michezo ya nje inafungwa. Laleni, ogeleeni, ogeni, vaeni vizuri, kisha rudini jioni. Familia zenye watoto wadogo wakati huo zinaondoka, hewa imepoa, taa zimewashwa. Bustani hizi usiku ni za wapenzi.

EPCOT ndiyo inayonithibitishia hivyo. Nusu yake inaitwa World Showcase: nchi 11 zimejengwa kuzunguka ziwa, na mzunguko wake unakaribia kilomita 2. Sehemu kubwa ya upande huo hufunguliwa saa 5 asubuhi, kwa hiyo hakuna haja ya kuwahi. Nendeni saa 11 jioni, kuleni kidogo kidogo kwa kila nchi, sahani moja watu wawili. Ingieni ndani ya piramidi ya Meksiko, humo ni kama jua linazama saa zote, soko lina taa hafifu na mto unapita pembeni. Banda la Moroko msilipite haraka: Mfalme Hassan II alituma mafundi wake wenyewe kutengeneza ile nakshi ya vigae, na ukiweka uso karibu na ukuta unaona kila kipande kimekatwa kwa mkono. Usiku fataki hupigwa juu ya ziwa. Kwetu hiyo ilikuwa jioni bora ya ndani ya bustani, na mchezo tuliopanda ulikuwa mmoja tu.

Kuhusu foleni, kuna huduma ya kulipia iitwayo Lightning Lane ya kuchagua saa ya kuingia bila kusubiri sana. Anayelala hoteli za Disney anaweza kuanza kuchagua siku 7 kabla ya kufika, kuanzia saa 1 asubuhi kwa saa za Florida, na anachagulia siku zote za kukaa kwake hadi 14. Wengine ni siku 3 kabla. Mimi ningeilipia Magic Kingdom na Hollywood Studios, hizo mbili zingine kwa maharusi si lazima. Kuna pia foleni ya mtu mmoja mmoja kwenye michezo kama treni ya kasi ya Expedition Everest, foleni hiyo inakwenda haraka kwa sababu inajaza viti vilivyobaki wazi. Wataalamu wa mitandaoni wataisifu. Itawatenganisha, mmoja atapanda behewa hili na mwingine lile. Fungate ni ya kukaa kiti kimoja na kupiga kelele pamoja. Kama Mungu amejalia na bibi harusi tayari ni mjamzito, ajue michezo mingi ya kasi ina onyo la wajawazito kutopanda, basi mpange ratiba kwa kuzingatia hilo.

Chakula cha kukaa mezani hubukiwa siku 60 kabla, na mgeni wa hoteli siku hiyo anaweza kubuku kwa siku zake zote hadi 10 kwa mpigo. Chagueni jioni moja ya kujitendea. California Grill iko ghorofa ya 15 ya Contemporary na inatazama fataki za Magic Kingdom. Victoria & Albert's ya Grand Floridian ndiyo ya juu kabisa, ilipata nyota ya Michelin, tuzo ya migahawa bora, mwaka 2024, haipokei watoto chini ya miaka 10 na ina masharti ya mavazi; bei yake ni ya kukaa na kuongea kwanza nyumbani. Sisi tulichukua moja tu ya namna hiyo, siku nyingine zote tulikula vibanda vya kawaida. Maji ya baridi kwenye vibanda vya chakula ni bure ukiomba kikombe, na chakula chenu mnaruhusiwa kuingia nacho. Mezani kumbukeni bakshishi ya asilimia 18 hadi 20.

Jioni isiyo na tiketi nayo ina raha yake. Pandeni treni ya juu inayozunguka hoteli za karibu na Magic Kingdom, haina nauli, shukeni Polynesian, kaeni ufukweni mwa ziwa mtazame fataki kwa mbali.

Tarehe: kimbieni wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya, Pasaka na katikati ya Machi. Mwisho wa Januari na mwanzo wa Desemba ndizo nazipenda. Septemba watu ni wachache na bei hushuka, lakini ni joto, na msimu wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, basi bima ya safari isikosekane.

Mambo madogo yanayoweza kuvuruga makubwa: tiketi ya ndege ya mkeo iwe na jina lililo kwenye pasipoti yake, hata kama ndoa imeshafungwa na anataka kutumia lako. Akaunti zenu mbili kwenye programu ya simu ya Disney ziunganisheni mapema ili tiketi na nafasi zote zionekane pamoja. Viatu viwe vilivyokwisha zoea miguu, maana kilomita 10 na zaidi kwa siku ni kawaida. Na mkifika hoteli, ombeni beji za maharusi mapokezini. Ni bure. Mtazivaa, na kuanzia dereva wa basi hadi mfagiaji watawapongeza siku nzima, na mke wangu hadi leo anayo yake kwenye sanduku la vito.

Siku ya kuondoka msiiweke bustani. Chumba kinarudishwa saa 5 asubuhi, lakini mizigo inakaa kwa wahudumu na bwawa mnaendelea kulitumia mpaka gari la uwanja wa ndege lifike. Acheni nguo za kuogelea juu kabisa ya sanduku.