Kwa wanaoanza kusoma picha ndogo za watoto: jina la mchoraji lije mwisho

Ukipewa picha ya kale ya mtoto inayoenea kiganjani, swali la kwanza litakalokujia ni "nani kaichora?" Lizuie kwanza. Uliza imechorwa juu ya nini.

Uingereza ya karne ya 16 walichora kwa rangi za maji juu ya ngozi laini ya ndama, mara nyingi ikiwa imebandikwa kwenye karata ya kuchezea ili isijikunje. Hans Holbein aliwachora hivyo Henry na Charles Brandon, watoto wa Duke wa Suffolk, mnamo 1541 hivi. Mwaka 1590 Isaac Oliver alichora wasichana wawili, wa miaka minne na mitano. Mmoja anatabasamu, mwenzake amekaza uso. Watazame kwa muda, kwani ni vigumu kupata somo bora zaidi la jinsi mchoraji anavyotofautisha watoto wanaokaribia kufanana.

Pembe za ndovu zilianza kutumika baadaye, mnamo 1700 hivi, na aliyefungua njia ni Rosalba Carriera wa Venice. Kwa hiyo ukiletewa picha ya pembe inayodaiwa kuwa ya mwaka 1600, itilie shaka. Pembe iliyokatwa nyembamba hupitisha mwanga, ndiyo maana mashavu ya watoto yanang'aa. Lakini haishiki maji, hivyo mchoraji aliisugua kuondoa mafuta, kisha akapaka rangi kwa vidoa na vistari vidogo mno. Chukua lenzi uvitafute. Ukiona vidoa vilivyopangwa sawasawa kwa mistari, hiyo imechapwa kwa mashine.

Usiharakishe kusema mtoto aliyepauka alikuwa mgonjwa. Rangi nyekundu za uso hufifia mapema zikipigwa na mwanga. Picha ikitolewa kwenye fremu na fundi anayejua kazi yake, linganisha na ukingo uliokuwa umefichwa. Gauni nalo lisikudanganye: wavulana walivalishwa magauni hadi miaka minne, hata saba. Marijani nyekundu shingoni iliaminiwa kumkinga mtoto, haikuwa pambo tu.

Sasa ndipo utafute jina. Mchoraji Mwingereza John Smart aliandika herufi J.S. na mwaka, akiongeza I kwa kazi alizofanya India kati ya 1785 na 1795. Herufi ni rahisi kughushi, kwa hiyo zipime kwa yote uliyokwisha kuyaona. Na wasome wanawake pia. Sarah Biffin, aliyezaliwa 1784 bila mikono wala miguu, alishika brashi kwa mdomo na akaishi kwa kazi hiyo. Mimi namweka miongoni mwa wachoraji wa kuheshimiwa sana.

Kabla ya kununua picha ya pembe, ulizia sheria. Biashara ya pembe kati ya nchi na nchi inabanwa vikali, na kuvuka nayo mpaka bila kibali kunaweza kukufikisha mahakamani. Uingereza inaruhusu kuuza picha za watu zilizochorwa kabla ya 1918 zisizozidi sentimita za mraba 320, nazo lazima zisajiliwe kwanza. Mwambie muuzaji akuonyeshe usajili huo kabla hujatoa pesa.