Agosti na watoto: Bamburi au Diani?

Dada, umeuliza uwapeleke wapi wanao wa miaka 4 na 9 likizo ya Agosti, ufuo wa Bamburi ulio kaskazini mwa Mombasa, au wa Diani ulio kusini mwake. Kwa umri huo, nakushauri Bamburi. Ukishuka treni Miritini, kituo cha Mombasa, Bamburi iko karibu kuliko Diani, na mtoto aliyechoka na safari ya kutoka Nairobi hafai kuongezewa safari tena.

Agosti ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Upepo unavuma, mwani unatupwa ufuoni. Kabla ya kulipa hoteli, uliza kidimbwi cha watoto kina kina gani, maana siku nyingine mtaogelea hapo tu. Bahari nayo ina saa zake, na hubadilika kila siku: mara maji yamejaa, mara yamekupwa hadi kwenye mwamba. Yakipwa ndipo raha ya watoto, lakini wavae viatu vya mpira. Wangu alikanyaga miiba ya baharini, tukakesha usiku kucha na kikoleo na ndimu.

Chukua chumba chenye kiamsha kinywa na chakula cha jioni pekee. Mchana nendeni Haller Park, bustani ya wanyama ya hapo Bamburi, iliyokuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji. Binti yangu alimlisha twiga. Ule ulimi mweusi ulipomgusa kiganja alipiga ukelele, kisha akaomba chakula kingine.